Samsung walianza na ng'onda, sisi tuna korosho: familia tajiri huinua nchi wapi, na hukwama wapi?

Karani wa Ghala (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Niko Mtwara, kazi yangu ni ghalani, na msimu wa korosho ukianza usingizi nausahau. Juzi jioni nilikaa kijiwe cha kahawa Mikindani, mzee mmoja akatoa hoja: "Shida yetu hatuna ukoo wenye nguvu. Korea wana Samsung, wana Hyundai. Hapa kila mtu na kibanda chake." Kijiwe kizima kikaitikia. Mimi nikabaki na dukuduku mpaka kashata ikaishia mkononi.

Nianze na ninachokiona kila siku. Gunia linashushwa, kijana anachoma bambo (chuma cha kutolea sampuli) pembeni, korosho chache zinateremka kwenye sinia. Anachukua kisu anazipasua katikati moja moja: hii nzuri, hii imeoza, hii changa. Anaandika. Mnada unapita, mzigo unapanda lori kwenda bandarini, halafu India au Vietnam. Kubangua, kukaanga na kupaki kunafanyika huko. Serikali ilijenga viwanda vya kubangua huku kusini kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vikasimama, na baadhi vikaishia kuwa maghala. Yaani naweza kuwa nimesimama ndani ya kiwanda nikihesabu magunia ya mali ghafi.

Sasa Korea. Lee Byung-chul alifungua Samsung mwaka 1938 mjini Daegu. Simu hakuwa nazo. Alikuwa akipeleka samaki wakavu, mboga na matunda Manchuria, na tambi pia. Ni ng'onda hizo! Mtu wa Msangamkuu, kijiji chetu cha wavuvi hapa Mtwara, angeelewana naye bila mkalimani. Walioanzisha LG, mwaka 1947 walikuwa wanatengeneza krimu ya uso. Chung Ju-yung wa Hyundai alikuwa mtoto wa mkulima, aliiba hela ya ng'ombe wa baba yake akatorokea mjini. (Mwaka 1998, akiwa mzee tajiri, alirudi Korea Kaskazini alikozaliwa na ng'ombe 1,001, kwa mikupuo miwili. Deni la ng'ombe mmoja hilo.)

Kwa hiyo familia zilikuwepo. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 pato la mtu mmoja Korea lilikuwa chini ya dola 100 kwa mwaka. Familia zipo, nchi maskini. Kilichobadilika ni nini?

Mei 1961 Jenerali Park Chung-hee alipindua serikali, na mapema kabisa akawakamata matajiri kwa kosa la kujilimbikizia mali kwa njia haramu. Lee alikuwa Tokyo, akarudi kuzungumza. Wakaachiwa kwa sharti la kujenga viwanda ambavyo serikali inavitaka. Benki zikawa mikononi mwa serikali. Kuanzia hapo mkopo wa riba nafuu haukufuata jina la ukoo wala hati ya kiwanja. Ulimfuata mwenye oda ya kuuza nje. Umeleta karatasi ya mteja wa ng'ambo, pesa hii hapa. Hukuuza nje, mwakani jipange mwenyewe. Park alikuwa anakaa kikao na wauzaji wa nje karibu kila mwezi. Mwaka 1964 mauzo yao ya nje yalifika dola milioni 100, na kufika 1970 vitu vilivyoongoza ni nguo, mbao za plaiwudi na mawigi. Mawigi, dada zangu! Mwaka 1977 wakafika dola bilioni 10.

Ninachosema ni hiki: ukoo wenyewe hauinui nchi. Ni kama ng'ombe wa kulimia. Ana nguvu, lakini bila kamba anakula mahindi uliyompeleka kuyapalilia. Korea walikuwa na kamba, na kamba yenyewe ilikuwa soko la nje, ambako mteja hakujui, hakuogopi wala hakuhongeki. Mkwamo ulianza ng'ombe alipoikata.

Nawasilisha. Mawe ruksa.

Kijana wa Shangani

Nimekaa siti ya mbele na uraka wangu, pombe yetu ya mabibo. Mkuu, huyo wa ng'ombe 1,001, kwa nini asipeleke elfu kamili?

Karani wa Ghala

Kwa alivyoeleza, 1,000 inaonekana kama mwisho, 1,001 ni kama mwanzo wa hesabu nyingine. Biashara hiyo, hata kwenye kutubu.

Mwalimu Ndanda

Karani, umeandika vizuri ila umeruka mambo mawili makubwa.

La kwanza ni ardhi. Kabla ya Park, mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, Korea Kusini waligawa mashamba. Wenye ardhi kubwa wakapoteza nguvu, wakulima wakapata vipande vyao na wakasomesha watoto. Tajiri aliyetaka kuendelea kuwa tajiri hakuwa na shamba la kulalia, ilibidi aende kiwandani. Linganisha na Ufilipino. Mwaka 1960 Ufilipino ilikuwa na hali nzuri kuliko Korea. Familia kubwa wanazo mpaka leo: Ayala, Lopez, Sy. Lakini ardhi haikuguswa hivyo, na utajiri wao ukajikita kwenye viwanja, umeme, simu na maduka makubwa. Henry Sy alianza na duka la viatu Manila mwaka 1958, akamaliza akiwa mfalme wa maduka makubwa. Simlaumu, viatu ni riziki halali. Lakini duka kubwa linamuuzia jirani. Halimlazimishi mwenyewe kuwa hodari kuliko Mjapani.

La pili ni Marekani. Misaada, soko lililofunguliwa wazi, na vita vya Vietnam. Korea walipeleka askari kuanzia 1964, na kampuni zao zikapata zabuni za ujenzi na usafirishaji. Hanjin, kundi la usafirishaji, walinenepea huko. Hiyo kamba yako ilisukwa Washington pia.

Karani wa Ghala

Mwalimu, la ardhi nakubali bila kubisha, nililisahau na ni kosa. La Marekani nakubali nusu. Ufilipino nao walikuwa na Wamarekani, tena wenye kambi nchini mwao. Mvua iliwanyeshea wote wawili.

Nikupe mfano wa mvua na jembe. Mwaka 1971 Chung alikwenda London kutafuta mkopo wa kujenga kiwanda cha meli. Mkononi ana picha ya ufuko wa Ulsan: mchanga na vibanda vya wavuvi. Chukua Msangamkuu kabla hujaweka hata bati moja, ndiyo picha yenyewe. Walipomuuliza uzoefu, akatoa noti ya won 500 yenye picha ya meli ya kivita ya Wakorea ya karne ya 16, akasema sisi tulishajenga hizi. Mgiriki mmoja, Livanos, akaagiza meli mbili za mafuta. Wakachimba gati na kujenga meli kwa wakati mmoja, na mwaka 1974 kazi ikaonekana majini. Watu wanaipenda hadithi hii kwa sababu ya noti. Mimi naipenda kwa sababu ya kilichokuwa nyuma ya noti: serikali iliyomdhamini, na iliyomwambia wazi kwamba akishindwa asije kuomba kitu kingine.

Na haikuwa maneno. Mwaka 1966 kampuni ya mbolea ya Samsung ilishikwa na magendo ya sakarini, sukari ya bandia. Lee Byung-chul, tajiri wa kwanza wa nchi, aliikabidhi serikali sehemu kubwa ya hisa za kiwanda hicho akajiondoa kwenye uongozi kwa muda. Niambieni ni wapi kwetu tajiri wa kwanza amekabidhi kiwanda.

Mzee wa Mtuleni

Wapi? Hapa hapa, tena vyote. Wewe Karani ni mtoto. Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, benki zilichukuliwa, vinu vikachukuliwa, mashamba ya mkonge yakafuata. Andy Chande, ambaye familia yake ilikuwa na vinu, alinyang'anywa kisha akaombwa asimamie Shirika la Taifa la Usagishaji. Akakubali. Mwaka 1971 zikaja nyumba. Hapa Lindi mjini tulikuwa na mitaa ya ghorofa za Wahindi, chini duka, juu familia. Nilikuwa nabeba mizigo kwenye duka moja la vitambaa. Asubuhi moja mzee mwenye duka alinipa funguo nimfungulie, kwa sababu mikono yake ilikuwa inatetemeka. Baada ya miezi kadhaa hawakuwepo. Jengo lipo, nenda kaangalie lilivyo sasa, mti umeota ukutani.

Sitetei walivyotuuzia. Mizani yao tuliijua. Lakini Park aliwashika matajiri akawarudisha kazini wakiwa na kamba. Sisi tulichinja ng'ombe tukabaki na kamba.

Kijana wa Shangani

Mzee umefunga mjadala. Tuondoke.

Binti Newala

Haujafungwa, kaa chini.

Kaka Karani, shikamoo ya heshima kwa Mzee wa Mtuleni kwanza. Sasa mimi nauliza, hiyo kamba ilikuwa shingoni mwa nani? Nimesoma habari za Korea hiyo hiyo. Tarehe 13 Novemba 1970 kijana mshonaji wa miaka 22, Jeon Tae-il, alijichoma moto katika soko la Pyeonghwa, Seoul, akidai sheria ya kazi ifuatwe. Wasichana wa vyerehani walikuwa wanafanya kazi kwenye vyumba ambavyo huwezi kusimama wima. Na Agosti 3, 1972, kampuni kubwa zilipoelemewa na madeni ya mitaani, Park alitoa amri kulisimamisha deni. Waliokuwa wamezikopesha kampuni ni pamoja na watu wa kawaida, akiba zao. Siku moja tu ukaambiwa hela yako utalipwa kidogo kidogo baada ya miaka, kwa riba tuliyopanga sisi.

Mnaijua hiyo hali. Ni mkulima wa Tandahimba anayeambiwa malipo yapo njiani.

Ng'ombe alilima, sawa. Aliyekuwa anatembea mbele akiondoa mawe kwa mikono hatajwi.

Karani wa Ghala

Dada, sina jibu la kukushinda, na sitalitafuta. Kweli kabisa, riba nafuu ya ukoo ililipwa na mtu mwingine.

Nitaongeza tu kwamba hata waliotaka kuwasamehe Wakorea wale kwa ajili ya matokeo walikuja kupata shida, maana kamba ilikatika. Miaka ya 1980 na 1990 makundi yale ya kampuni za koo yalishakuwa makubwa kuliko mtu wa kuyafunga. Serikali zilibadilika, jeshi likaondoka, masharti ya fedha yakalegezwa. Familia zikawa zinakopa kwa sababu ni kubwa, na zinakuwa kubwa kwa sababu zinakopa. Januari 1997 Hanbo ya chuma ikaanguka. Kia ikayumba. Kufika Desemba nchi nzima iko kwa Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwanzoni mwa 1998 watu walipanga foleni kutoa pete za ndoa na dhahabu za watoto kulipa deni la taifa, zikapatikana tani zaidi ya 200. Daewoo, kundi la pili kwa ukubwa, likafa mwaka 1999. Mwenyewe Kim Woo-choong akakimbia nchi, akarudi 2005, akahukumiwa, akasamehewa.

Bibi aliyetoa pete hakuwa na hisa hata moja Daewoo.

Kangomba Mstaafu

Mimi niliyewahi kununua korosho za wakulima kwa bakuli gizani (nimetubu, acheni) nina swali la karibu zaidi. Dangote, yule tajiri wa saruji wa Nigeria. Mmezunguka Seoul na Manila wakati kiwanda chake kiko Hiyari, hapa hapa Mtwara.

Halafu mnajua kwamba babu mzaa bibi… ngoja niseme vizuri: baba wa babu yake kwa upande wa mama ni Alhassan Dantata wa Kano, aliyetajirika kwa karanga na kola, akafa 1955 akiwa anatajwa kuwa tajiri kuliko wote Afrika Magharibi. Karanga! Wakati huo huo Waingereza walikuwa wamemwaga pauni milioni 36 Kongwa, Urambo na Nachingwea hapa kwetu kulima karanga kwa matrekta. Walianza 1947, kufika 1951 wameinua mikono. Reli ya Mtwara kwenda Nachingwea ikaja kung'olewa, tukabaki na bandari. Kule Kano magunia yanapangwa kama mapiramidi, huku karanga zinahesabika. Tofauti ni kwamba Dantata alinunua kwa wakulima waliojua udongo wao, Mwingereza alileta udongo kwenye ramani.

Karani wa Ghala

Hahaha, "udongo kwenye ramani" naiba hiyo.

Dangote ni mfano mzuri kwa sababu anaonyesha kamba fupi na mwisho wake. Mwaka 2002 serikali ya Obasanjo ilisema kibali cha kuingiza saruji atapata anayejenga kiwanda Nigeria. Ndiyo hiyo kamba. Akajenga Obajana, na Nigeria ikaacha kutegemea saruji ya meli. Mpaka hapo Park angepiga makofi. Lakini hakukuwa na nusu ya pili, ile ya kusema sasa nenda kashindane nje. Saruji ni nzito, haisafiri mbali, basi anayetawala soko la nyumbani anatawala kweli, na Wanigeria wanalalamikia bei mpaka leo. Alipotoka nje alitoka kwenda kujenga viwanda vingine, kama hiki cha Mtwara kilichozinduliwa Oktoba 2015, uwezo tani milioni 3 kwa mwaka.

Sisemi hakijatusaidia. Kabla yake saruji ilikuwa inatoka Dar, barabara ikikatika Rufiji fundi analala. Mwishoni mwa 2016 uzalishaji ulisimama kwa sababu ya gharama, likafika mpaka kwa Rais Magufuli, baadaye wakaunganishiwa gesi. Gesi ambayo mwaka 2013 mji huu uliwaka moto kwa ajili yake, watu wakipinga isipelekwe Dar. Kwa hiyo kuna kazi imepatikana, malori yanapita, vibanda vya mama lishe vipo. Lakini ukoo wa nje ukijenga kwako, kamba iko kwao, wewe una jirani tajiri.

Mmwera wa Nyangao

Nyie mnaongelea kamba ya serikali, mimi niongelee kamba ya mirathi.

Baba yangu mkubwa alikuwa na malori manne. Mzigo wa Lindi–Dar wote mkononi mwake, enzi barabara ni mchanga. Wake watatu, watoto kumi na nne. Alipofariki, arobaini haijafika, lori moja limeshauzwa. La pili ndugu wawili wanagombania, kila mmoja na ufunguo wake. La tatu alipewa kijana aliyekuwa hajawahi hata kupiga spana. La nne liko nyuma ya nyumba juu ya mawe, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Nilipiga picha wiki iliyopita. Ndani ya dashibodi bado kuna daftari lake la mafuta, mwandiko wake, kila lita.

Hao Wakorea wanarithishaje bila kuku kutaga?

Karani wa Ghala

Pole sana, ndugu. Hilo daftari litunze.

Wanarithisha kwa ujanja. Kampuni A inamiliki hisa za B, B inamiliki za C, C inamiliki za A. Ukoo ukishika kipande kidogo cha A, unaendesha zote. Mali ni ya wengi, usukani ni wa mmoja. Na kodi ya mirathi kule ni nzito, asilimia 50 kwa matajiri wakubwa na zaidi kwa mwenye hisa za usukani. Lee Kun-hee alipofariki 2020, warithi walitangaza kulipa zaidi ya won trilioni 12. Hapo ndipo penye kidonda: badala ya kuhangaika na bidhaa, akili kubwa za kampuni zinahangaika jinsi mtoto atakavyobaki na usukani. Lee Jae-yong, mjukuu wa mzee wa ng'onda, alifungwa kwa rushwa iliyohusishwa na mambo hayo hayo ya kuunganisha kampuni ili arithi, akaja kusamehewa 2022.

Kizazi cha kwanza kilikuwa kinalala eneo la kazi pamoja na vibarua. Baba yake Jae-yong, mwaka 1995, aliposikia simu zake mbovu, aliamuru takribani 150,000 zikusanywe uwanjani kiwandani Gumi, zipondwe na kuchomwa moto wafanyakazi wakitazama. Alikuwa bado anamwogopa mteja wa nje. Sasa njoo 2014: binti wa ukoo wa Hanjin, makamu wa rais wa Korean Air, shirika lao la ndege, yuko New York ndani ya ndege inayotaka kuondoka. Ameletewa karanga za makadamia kwenye pakiti badala ya sahani. Ndege ikarudishwa getini, mkuu wa wahudumu akashushwa.

Kangomba Mstaafu

Zingekuwa korosho za Newala angekula hata kwenye kofia.

Mwalimu Ndanda

Na vijana wao wanalijua hilo. Wanaita nchi yao jehanamu. Kila mtoto anakesha tuisheni ili aajiriwe na makundi yale yale manne matano, kampuni ndogo zinazowauzia vipuri zinabanwa bei mpaka zinakonda, na mwaka 2023 wastani wa watoto kwa mwanamke ulishuka mpaka 0.72. Sisemi ni koo peke yake zimefanya hivyo. Ila nchi ambayo mlango mzuri ni mmoja, watu wanachoka kwenye foleni.

Sasa Karani turudi ghalani. Kamba yetu iko wapi?

Karani wa Ghala

Tuna vipande. Stakabadhi ghalani, yaani mkulima anaweka korosho ghalani, anapewa risiti na mzigo unauzwa mnadani, ilianza 2007, ni kipande kizuri, imempunguzia nguvu huyu mstaafu wetu na bakuli lake. Novemba 2018 wanunuzi waliposusa bei, serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, malori ya jeshi yakaja mpaka hapa getini. Nilikuwepo. Hiyo sasa siyo kushika kamba, ni mwenye shamba kuingia mwenyewe kwenye nira. Ukanda huu haujakosa pesa za mabwana wakubwa. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mnunuzi mkubwa, awe wa hapa au wa nje: mwaka huu chukua ghafi, mwakani theluthi ibanguliwe hapa, usipofanya mnadani usionekane. Na benki ya kumkopesha anayebangua kwa kuangalia oda yake.

Binti Newala

Hapo kwenye oda ndipo nilipokuwa nakusubiri, kaka.

Tuko wanawake tisa, tunabangua kwa mashine za mkono. Mwezi uliopita wafanyabiashara wawili wa Kingazija waliokuja bandarini kuchukua saruji walionja pale stendi, wakaagiza katoni 40. Nusu zenye chumvi, nusu bila. Wametuma mpaka maandishi yenye sahihi. Nikayapeleka benki moja hapa mkoani. Kijana wa mikopo hakuyafungua hata kidogo, akauliza hati ya nyumba.

Nyumba ni ya marehemu baba mkwe. Mume wangu na ndugu zake saba hawajagawana.

Mmwera wa Nyangao

Dada, njoo inboksi. Lori lile la juu ya mawe nadhani injini bado nzima.